Sakafu ya Mtiki Haipigwi Deki

Uvumilivu wangu uliishia mlangoni mwa ukumbi wa chama cha wakulima, hapa Ifakara, mwanangu Upendo akiwa amelala mgongoni na Bi Mwanaidi akiwa pembeni yangu. Bi Mwanaidi ana nyumba ya wageni kule Sanje. Nilikuwa nimemleta aone sakafu ya mtiki niliyoilaza na Zawadi, fundi niliyemfundisha mwenyewe, ili akiipenda ampe Zawadi kazi ya kulaza nyingine kama hiyo kwenye sebule yake. Tangu stendi nilikuwa naisifia tu. Nikasukuma mlango.

Maji. Ndoo zimepangwa kama ziko foleni bombani, povu la sabuni linaelea, na katikati yupo Mama Otilia, msafishaji wa ukumbi, kanga kaifunga kiunoni, anamwaga nyingine kwa furaha utadhani anamwagilia mchicha. Chini ya povu, mbao zangu zilikuwa zimekunja kingo kwenda juu, kila ubao kama kijibakuli kirefu.

Hapo bado nilikuwa mzima. Nilisema hata shikamoo.

"Marahaba, Mama Upendo! Karibu, ila vua viatu, tunapiga deki. Kesho kuna harusi."

Mwenyekiti Mponda akatokea ofisini kwake. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Bi Mwanaidi, akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa.

"Samahani sana, mama, kwa unachokiona. Kosa ni letu. Tulimpa kazi fundi mwenye mtoto mgongoni. Mkono mmoja kwenye nyundo, mwingine unambembeleza mtoto. Mbao zitatulia saa ngapi?"

Basi. Nilimpokea Mama Otilia ile ndoo, taratibu, nikaenda kuimwaga nje, nikarudi nayo, nikaifudikiza pale mlangoni na kuikalia.

"Hakuna maji yanayoingia tena humu," nikasema.

"Inuka hapo, dada. Nimekwambia kesho kuna harusi!"

"Bibi harusi atanivuka."

Upendo akaamka, akaona watu wengi, akacheka. Bi Mwanaidi naye alitaka kucheka, nilimwona, lakini yeye ni mfanyabiashara. Aliniambia pale pale bila kuzunguka: "Mwanangu, mimi sijui mbao. Ninachojua, mwenye ukumbi anasema mafundi wako wabovu. Nikimpa Zawadi sebule yangu na hayo maneno yapo, nyumbani wataniona nimerogwa. Afute kauli yake mwenyekiti, Zawadi aje hata kesho. Asipofuta, mnisamehe."

Kwa hiyo mjue kabisa ninaandika haya nikiwa na hasira gani. Mimi nimestaafu mwezi uliopita, jina langu likichafuka naweza kulifulia nyumbani. Lakini Zawadi ndiyo kwanza anaanza kusimama peke yake, na nyuma yake mpo nyinyi mafundi wengine mnaobaki karakanani. Someni vizuri, mengine yatawasaidia kazini.

Nimestaafu kwa ajili ya magoti. Kulaza sakafu ni kazi ya kupiga magoti kuanzia ukuta hadi ukuta, kisha unaanza mstari mwingine. Daktari aliyenipima alinibonyeza goti, nikaruka, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia, napiga magoti. Akauliza, "Wewe ni mtawa?" Halafu akamwona Upendo mgongoni, akaendelea kuandika.

Nilianza baada ya kidato cha nne. Matokeo yangu mama aliyakunja akayaweka chini ya kabati, na mpaka leo sijamwomba ayatoe. Nikaenda Kibaoni kwenye karakana ya Mzee Kasiani, mzee wa Mahenge, mfupi, mwenye kalamu ya seremala sikioni muda wote. Nadhani alilala nayo. Nikamsalimia, nikamwambia nataka kazi. Akaniuliza kama najua kupiga randa. Sijui. Kunoa patasi? Sijui.

"Kulala unajua?"

Nikataka kuondoka, nikijua ni wale wazee. Kumbe alikuwa anaongelea sakafu. Alinipeleka kwenye nyumba moja nyuma ya soko, akaweka ubao mrefu ulionyooka juu ya saruji, akasema, "Lala kifudifudi, weka shavu chini, niambie unaona mwanga wapi." Nikalala na sketi yangu ya kuombea kazi. Chini ya ule ubao, mahali fulani mwanga ulipita, mahali fulani haukupita. Penye mwanga pana shimo, pasipo na mwanga pana kinundu. Kutwa nzima kazi yangu ilikuwa hiyo: kulala, kutazama, kuchora duara kwa chaki. Jioni nilirudi nyumbani na shavu la saruji, mama akauliza kama nimepata kazi au nimepata ajali.

Hilo ndilo somo la kwanza, na mafundi wengi hawajalipata hadi leo. Watu wanatazama mbao: ah, mtiki mzuri, mninga mzuri. Mbao ni nguo tu. Kinachoumwa ni mwili ulio chini yake. Bonde letu hili ni la mpunga, udongo wake ni mfinyanzi mweusi, masika unavimba na kiangazi unapasuka, na nyumba zinapanda na kushuka nao. Saruji iliyonyooka kabisa Ifakara mimi sijawahi kuikuta. Nikiikuta nitaipigia picha.

Somo la pili lilikuwa nailoni. Kata kipande, kilaze kwenye saruji, bandika kingo zote kwa utepe wa gundi, uache hadi kesho yake. Ukikuta vitone vya maji upande wa chini, sakafu inapumua unyevu kutoka ardhini, na ukilaza mbao hapo umezika mali ya mtu. Tulifanya hivyo Namawala kwenye nyumba ya mwalimu mmoja, asubuhi nailoni imejaa vitone. Mwalimu akabisha.

"Hilo ni jasho tu, fundi."

"La nani?" Mzee Kasiani akamuuliza.

Mwalimu akatazama huku na huku chumbani. Hakukuwa na mtu mwingine. Tukatandika nailoni nzito nyumba nzima, tukaipandisha kidogo ukutani, na ile sakafu ipo mpaka leo, watoto wake wanaichezea mpira.

La tatu ni subira, na hapa mimi nilikuwa mwanafunzi mbovu. Mbao zikifika, haziwekwi siku hiyo. Zinalazwa ndani ya chumba kitakachokuwa chao, zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, mpaka zizoee. Mngeta tulimfanyia kazi mama mmoja mwenye duka, mbao zikashushwa kwenye lori masika, mvua inanyesha. Mzee Kasiani akazipanga sebuleni, akafunga begi lake la vifaa, akaaga. Yule mama akaja juu.

"Mbona mnaondoka? Mimi nimenunua mbao au nimekaribisha wageni?"

"Wageni, mama," Mzee Kasiani akamjibu. "Wakishazoea nyumba, tutarudi kuwapigilia misumari."

Tuliporudi, mama alikuwa ameshawatandikia kitambaa na kuweka televisheni juu yao.

Sitaki kuwachosha na kazi zote. Nyingine zilikuwa nyepesi hata sizikumbuki, na nyingine nimeamua kutozikumbuka. Mzee Kasiani aliporudi Mahenge kulima, aliniachia pima maji yake ya shaba na neno moja: "Usimwamini mtu anayekwambia sakafu yake iko sawa." Nikaendelea. Nikamchukua Zawadi, nikamlaza kifudifudi siku ya kwanza kama nilivyolazwa mimi. Nikaolewa, nikajifungua Upendo, nikarudi kazini naye mgongoni kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwachia, na kwa sababu Upendo anapenda sauti ya nyundo. Msumeno ukilia, analia. Nyundo ikigonga, analala. Kwa hiyo kukata alikata Zawadi nje uani, kupigilia nikapigilia mimi.

Na hapo ndipo ukaja ukumbi wa wakulima, kazi yangu ya mwisho na ngumu kuliko zote.

Wengi mnaujua ule ukumbi lakini hamjui ulizaliwaje. Pale palikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na mbele ya mashine uwanja mkubwa wa saruji wa kuanikia. Mashine ilipohamishwa, chama kikaona saruji nzuri imekaa bure. Wakainua kuta kwenye kingo za uwanja, wakaezeka, wakasema tuna ukumbi. Hakuna aliyejiuliza ule uwanja ulijengwa vipi. Uwanja wa kuanikia mpunga hujengwa na mgongo makusudi! Katikati juu, pembeni chini, kama kobe, ili mvua ikishtukiza maji yakimbie upesi mpunga usioze. Ni ufundi mzuri sana ukiwa nje. Ukiwa ndani ya ukumbi, viti vya pembeni vinaegemea ukuta vyenyewe, na kwenye harusi soda ikianguka inajua njia ya kwenda.

Siku ya kwanza mwenyekiti aliniambia, "Sakafu yetu iko sawa kabisa." Nikamkumbuka Mzee Kasiani. Nikamwomba Zawadi aweke limau katikati ya ukumbi. Limau likaondoka lenyewe, taratibu, likapita mbele ya viatu vya mwenyekiti, likaenda kujibanza kwenye pembe.

"Upepo," mwenyekiti akasema.

Mgongo ule huwezi kuuchonga wote kwa tindo, utamaliza ujana wako. Tulijaza maji kwenye mpira mwembamba, maana maji husimama usawa mmoja ncha zote mbili, tukapima kuta zote nne, tukachora mstari mmoja wa usawa ukumbi mzima. Tukatandika nailoni, maana chini ya uwanja wa kuanikia hakuna aliyewahi kufikiria kuweka. Juu ya nailoni tukalaza papi, zile mbao nyembamba za kenchi, na chini ya kila papi tukaweka kabari: katikati kabari nyembamba kama biskuti, pembeni nene kama tofali la kuchoma. Kila papi tukaipima. Ikicheza, tunaitoa tunarudia. Kisha mtiki juu yake, ulimi wa ubao huu ukiingia kwenye mfereji wa ubao ule, na ukutani tukaacha nafasi ya kupitisha kidole ili mbao zipate pa kunenepea, tukaifunika kwa skatingi, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta. Tukaanzia jukwaani, tukamalizia mlangoni. Upendo alikuwa mgongoni tangu ubao wa kwanza hadi wa mwisho. Zawadi akaweka tena limau. Likakaa. Tulilitazama limau lile kama watu wanaotazama mpira wa fainali.

Siku ya kukabidhi nilimwambia mwenyekiti mbele ya Mama Otilia: fagio laini, kisha kitambaa kikavu. Pakichafuka sana, kitambaa kilichokamuliwa hadi kikome kulia. Maji ya ndoo, marufuku. Maji yakipita kwenye maungio yanatua juu ya nailoni, hayana pa kwenda. Nailoni iliyozuia maji ya chini itageuka beseni la maji ya juu, na ubao utanywa kwa tumbo huku mgongo ukiwa mkavu. Utajikunja.

Mwenyekiti aliitikia kila neno. "Nimeelewa, fundi. Nimeelewa kabisa."

Sasa turudi kwenye ndoo, bado nimeikalia.

Nilimuuliza Mama Otilia mbele ya wote, kwa adabu, "Mama, si nilisema kitambaa?"

"Ulisema, mwanangu. Na mimi nilikuwa nafuta kwa kitambaa. Mwenyekiti akaja akasema hivi vitambaa vya nini, wageni wanatoka Morogoro, wakikuta sakafu haijapigwa deki watasema sisi wachafu. Akasema kila Ijumaa maji. Ndoo kanunua mwenyewe, hizo hapo, mpya."

Mwenyekiti akakohoa. "Sakafu ni sakafu. Kwetu nyumba inayopokea wakwe lazima ipigwe deki. Hata mama yako anajua."

Na hapo lazima niseme ukweli: mama yangu anajua, na mimi najua. Sisi watu wa hapa usafi wetu ni maji. Mgeni akikuta sakafu bado mbichi, amepokewa. Akikuta kavu, anajiuliza kama alikuwa anasubiriwa. Mama Otilia alikuwa ananiharibia kazi kwa upendo mtupu. Kwa hilo sikumkasirikia mtu. Nilichokasirikia ni mtu kumwaga maji kwa amri yake, kisha kumsingizia mtoto wangu ambaye hata kukaa bado anayumba.

Nikamwambia Bi Mwanaidi, "Mama, kabla hujaondoka, njoo jukwaani."

Kule jukwaani zimewekwa ngoma na spika za bendi, na Mama Otilia hamwagi maji pale, anaogopa umeme. Nikamwomba Bi Mwanaidi avue kandambili apite kwa miguu mitupu. Akapita. Akarudi akapita tena. Mbao zilikuwa zimelala kama siku tulipoziweka. Mtiki ule ule, lori lile lile, nyundo ile ile.

Zawadi, ambaye alikuwa amefika na baiskeli wakati huo, akauliza kwa sauti ya kanisani: "Mwenyekiti, kwani huku jukwaani Upendo hakufika?"

Mama Otilia akaziba mdomo na kanga. Bi Mwanaidi akacheka sasa waziwazi, ila akasimama pale pale alipokuwa mwanzo. "Mimi nimeona na miguu yangu imeona. Lakini maneno ya mwenyekiti yameshafika sokoni. Asubuhi nimeyasikia kwa muuza samaki kabla hata Mama Upendo hajanipokea stendi. Ayatoe mwenyewe. Zawadi, sebule nakuwekea hadi kikao cha chama chao kipite."

Mwenyekiti akasema yeye hawezi kujibizana na wanawake mlangoni, mwenye malalamiko aandike. Alidhani sitaandika. Matokeo yangu yako chini ya kabati, ni kweli, lakini Kiswahili sikufeli.

Nikaandika barua siku hiyo hiyo, Upendo akinyonya, nikaipeleka ofisini kwao mwenyewe. Karani akaisoma yote, akauma midomo, akaniuliza kama ningependa kupunguza makali kidogo. Nikamwambia hiyo ndiyo iliyopunguzwa. Akagonga muhuri. Nakala hii hapa, ibandikeni ukutani karakanani.

Kwa Kamati ya Uongozi,
Chama cha Wakulima, Ifakara.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAULI YA MWENYEKITI NA MAJI YA NDOO

Kichwa cha barua kimeshasema, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mimi ni fundi niliyelaza sakafu ya mtiki ya ukumbi wenu nikiwa na mwenzangu Zawadi. Namlalamikia mwenyekiti wenu kwa kuwaambia watu, mbele yangu na huko sokoni, kwamba mbao zimejikunja kwa sababu nilifanya kazi na mtoto mgongoni. Mbao zimejikunja kwa sababu kila Ijumaa zinamwagiwa maji kwa amri yake, baada ya mimi kumkataza na yeye kuitikia. Jukwaani hapamwagwi maji na mbao zake zimelala. Mtoto alikuwepo jukwaani pia.

Siombi fidia. Naomba mwenyekiti asimame kwenye kikao cha wanachama, ndani ya ukumbi huo huo, aseme kwa mdomo ule ule kwamba kosa ni la maji na mafundi hawana kosa. Kwa kauli yake hiyo Zawadi atapata au atakosa kazi.

Naomba Mama Otilia asiguswe. Alitumwa, na alisafisha vizuri mno.

Kuhusu sakafu yenyewe: fungueni madirisha, ng'oeni skatingi hewa ipite, ndoo zipelekwe shambani. Mbao nyingi zitarudi chini zenyewe zikikauka taratibu. Asiruhusiwe mtu kuzipiga randa sasa. Mkizisawazisha zikiwa zimevimba, zikikauka zitabaki na mgongo, na mtakuwa mmerudi kwenye uwanja wa kuanikia mpunga.

Mwisho, kama mwenyekiti bado anaamini kwamba mtoto mgongoni hupinda mbao, namwomba siku ya kikao ambebe Upendo yeye mwenyewe, atembee naye kutoka mlangoni hadi jukwaani mbele ya wanachama wote, kisha tupime sakafu tuone imepinda wapi. Mtoto nitakuja naye. Mbeleko ninayo, na nitamfunga mwenyewe ili asije akasema haikukazwa.

Ni mimi niliyepiga magoti kwenye ukumbi wenu kuliko mtu yeyote,

Koleta, Mama Upendo
Fundi sakafu, mstaafu